Kengele ya Shule na Foleni ya Maji

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana kipimo chao cha kusema kaya imepata huduma ya msingi ya maji: chanzo kiwe kimekingwa dhidi ya uchafu, na kwenda, kupanga foleni na kurudi kusizidi dakika 30. Kwa mtu anayechota mara moja kwa siku, kipimo hicho hakina ubaya. Tuchukue sasa familia ya watu sita huko Mogotio au Solai, katika Bonde la Ufa la Kenya, kila mmoja akitumia lita 20, kiasi kidogo tu cha kunywa, kupika na kunawa. Hizo ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20, na mtungi ukijaa hauna uzito wa chini ya kilo 20. Safari sita za nusu saa ni saa tatu. Kwenye vitabu familia hiyo imeshahesabiwa miongoni mwa waliofikiwa. Nyumbani kwao, kila kukicha, kuna saa tatu za kazi zinazotafuta mtu wa kuzifanya. Familia nyingi hazifiki hata lita hizo 120. Hujibana: nguo husubiri Jumamosi, uso na miguu huoshwa kwa kikombe kimoja, na maji ya kuoshea vyombo humalizikia kwa kuku.

Watu wengi watasema mtu wa kuzifanya kazi hizo ni msichana, na picha yake akiwa na mtungi mgongoni na mkanda kwenye paji la uso imeshakuwa nembo ya kila ombi la msaada. Takwimu zina maneno magumu zaidi. Ripoti ya mashirika hayo mawili ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba duniani, katika kaya zisizo na maji nyumbani, saba kati ya kumi huwategemea wanawake na wasichana wa miaka 15 kwenda juu. Wasichana wa chini ya umri huo ndio wachotaji wakuu katika asilimia 7 tu ya kaya, na wavulana wenzao asilimia 4. Mpenda hoja nyepesi angesema basi, watoto wa shule ya msingi si wachotaji, tufunge mjadala. Mimi nazisoma tarakimu hizo vingine. Mchotaji mkuu ni mama. Msichana ni akiba ya mama. Mama akitoka alfajiri kuwahi foleni, msichana ndiye anayewasha jiko, anayekoroga uji na kumbembeleza mdogo wake. Mama akicheleweshwa, msichana anachelewa shuleni. Mama akiugua au akijifungua, mtungi unahamia mgongo mwingine. Kazi ya akiba haina ratiba, na hapo ndipo hoja ya sura hii ilipo: katika Bonde la Ufa la kati, umbali wa maji humwibia msichana masomo, lakini kutotabirika kwa maji humwibia zaidi. Shule ina kengele, maji hayana, na pengo kati ya viwili hivyo hujazwa na yule ambaye muda wake unadhaniwa hauna bei.

Mwaka 1972 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha utafiti wao mkubwa juu ya matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizoifuata, wataalamu walibaini jambo ambalo wengi hawakulitarajia: safari ikiwa kati ya dakika tano hivi na nusu saa, kiasi cha maji ambacho familia huleta nyumbani hakibadiliki sana. Hupungua safari ikizidi nusu saa, na huongezeka kwelikweli pale bomba linapoingia uani. Kwa hiyo kioski cha maji kikisogezwa kutoka dakika 25 hadi dakika 10, mhandisi anayepima lita ataona kana kwamba mradi haukuleta kitu, kwa sababu faida yote imeingia kwenye saa. Nazo saa humfaa mtoto wa shule endapo tu zinajulikana mapema. Ukiokoa robo saa leo, kisha kesho ukakuta kioski kimefungwa kwa sababu umeme umekatwa, hiyo ni faida ambayo mama hawezi kuipangia. Ataendelea kumweka binti yake tayari, kama dereva anayebeba gurudumu la akiba hata kwenye lami.

Katika Nakuru na majirani zake, kutotabirika huko huanzia chini ya ardhi. Sakafu ya Bonde la Ufa ni miamba ya volkano iliyopasukapasuka. Maji yako mbali, na visima vya kuchimbwa kwa mashine aghalabu hupita mita 100, vingine 200. Kuyavuta kunataka umeme au dizeli, na kamati ya maji ya kijiji ikishindwa kulipa bili, pampu hunyamaza. Juu ya hilo kuna floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi kuanzia Naivasha, Gilgil na Elementaita hadi Nakuru na Baringo hukipita, vingine mara kadhaa. Athari yake haifichiki: meno ya kahawia ya watu waliozaliwa na kukulia ukanda huu, na kwa waliokunywa maji makali kwa miaka mingi, mifupa inayouma na viungo vinavyokakamaa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umekuwa ukitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwenye tanuri kwa joto linalodhibitiwa, husagwa kuwa chembe, na chembe hizo hunasa floraidi maji yakipita katikati yake. Ni ufundi uliofanyiwa kazi papa hapa, nami nauhesabu kati ya mambo bora kabisa yaliyotokea Nakuru katika miongo hii mitatu. Una sharti lake hata hivyo. Chembe zikishajaa lazima zibadilishwe, na siku zinapojaa maji hayageuki rangi wala ladha. Asipokuwapo wa kupima, hakuna ajuaye.

Ndiyo maana kaya nyingi huishi na maji ya aina mbili: ya kisima kwa kufulia na mifugo, ya mvua au ya mto kwa kunywa na kupika. Ramani ya mradi itaonyesha nukta ya buluu mita mia tatu kutoka nyumbani, na mwenye kuchota ataipita nukta hiyo kila siku akielekea kwingine. Huko kwingine nako hakuna uhakika. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit, inayoshuka kutoka Mau kuelekea Ziwa Nakuru, hupungua sana wakati wa kiangazi, na misitu iliyokatwa huko juu haikuisaidia. Ziwa lenyewe, ambalo limekuwa likipanda na kumeza barabara na nyumba kwa zaidi ya miaka kumi, ni la magadi.

Maji ya mvua ndiyo matamu kuliko yote na hayana floraidi. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Chukua mvua ya milimita 900 kwa mwaka, ambayo si ngeni Nakuru, na paa la mita 40 za mraba. Baada ya kutoa kinachomwagika, utakusanya kama lita 29,000. Kwa lita 120 kwa siku, hizo zinatosha miezi minane. Shida ni pa kuziweka. Tangi ambalo familia ya kawaida ikijikamua inaweza kununua ni la lita 1,000 au 2,000, na wenye bahati 5,000. Lita 5,000 huisha kwa siku 41. Mvua zikikatika katikati ya Desemba, hata tangi hilo la wenye bahati limekauka kabla Januari haijaisha. Sasa tazama kalenda ya shule. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, na Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Ni muhula wa darasa jipya na mwalimu mpya, ambapo somo la hesabu huweka misingi itakayobeba mwaka mzima. Majuma mawili ya Februari na majuma mawili ya Julai yana idadi sawa ya siku, lakini kwa mwanafunzi hayana bei sawa. Anayekosa mafunzo ya sehemu na desimali mwanzoni mwa mwaka hulipa deni hilo hadi Novemba.

Mtu asifikiri nazungumzia jangwa. Mashamba ya walowezi yalikuwa na mabwawa, mifereji na mabomba yaliyotosheleza nyumba moja ya bwana shamba, ng'ombe wa maziwa na kambi ya vibarua. Baada ya uhuru mengi yaligawanywa kupitia skimu za serikali na kampuni za kununua ardhi, ekari mbili hapa, tano pale, na bomba la nyumba moja likarithiwa na mamia ya familia. Mengine hayakugawanywa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel, la shamba kubwa huko Solai, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanawake na watoto. Mahali palipokuwa na maji ya kutosha kuzoa nyumba na shule palikuwa pia na watu wanaoishi kwa mtungi.

Kuna kiumbe asiyetajwa katika mijadala ya elimu ingawa amewasomesha wasichana wengi, naye ni punda. Punda mmoja na mkokoteni hubeba kwa safari moja mitungi ambayo mtu angeirudia siku nzima. Na punda akiingia, mara nyingi kazi yenyewe huhama: mkokoteni huendeshwa na mwanamume au kijana wa kiume, wakati mtungi wa mgongoni hubaki kuwa wa mwanamke. Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda vya kuuza nje, kimoja Naivasha na kingine Mogotio, kwa ajili ya ngozi inayotumika katika dawa za Kichina. Kufikia mwisho wa 2018 karibu punda 300,000 walikuwa wamechinjwa nchini, kama asilimia 15 ya punda wote wa Kenya. Bei ikapanda, wizi ukashamiri. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2020, na mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa marufuku. Kwa mzazi aliyeamka akakuta kamba imekatwa na punda hayupo, swali la asubuhi lilikuwa moja: mitungi ni ile ile, migongo iliyobaki ni ya nani?

Msomaji makini atanizuia hapa. Atasema kwamba familia zilizo mbali na maji ndizo hizo hizo zisizo na karo, chakula wala taa ya kusomea. Huenda umaskini ndio unaomtoa msichana shuleni, na maji ni mwenzake tu wa kutembea naye. Pingamizi hili ni zito kuliko yote. Céline Nauges na Jon Strand walijaribu kutenganisha mambo hayo kwa takwimu za Ghana za miaka ya 1993 hadi 2008. Walipata kwamba kupunguza nusu ya muda wa kuchota maji kuliongeza mahudhurio ya wasichana shuleni kwa wastani wa pointi 2.4 za asilimia, na zaidi vijijini. Si muujiza huo. Anayewaahidi wafadhili kwamba kisima kitajaza madarasa anawadanganya. Lakini karibu pointi mbili na nusu katika kaunti kubwa kama Nakuru, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni mbili katika sensa ya 2019, ni wasichana wengi, na hapo tumehesabu kuhudhuria tu, bila kugusa kuchelewa wala kusinzia darasani.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Nyanza. Matthew Freeman na wenzake walifuatilia shule za msingi 135, baadhi zikipewa dawa ya kutibu maji na mafunzo ya usafi, nyingine vyoo pia. Kwa jumla hawakuona mabadiliko ya utoro, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Ila katika maeneo ambayo hayakuvurugwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, uwezekano wa msichana kukosa shule ulipungua kwa zaidi ya nusu, huku wavulana wakibaki pale pale. Maji yale yale, shule zile zile, na aliyefaidika ni mmoja. Kama umaskini peke yake ungekuwa maelezo, dawa ya maji isingemchagua msichana.

Pingamizi la pili ni la kizalendo kidogo: wasichana wa Kenya wameshawafikia wavulana katika uandikishaji, hivyo malalamiko haya ni ya zamani. Tangu elimu ya msingi bila malipo ya 2003 pengo limezibika karibu kila mahali, ingawa ukienda Tiaty, kaskazini mwa Baringo, utaikuta hali nyingine. Lakini kuandikishwa ni jambo la siku moja, na kuhudhuria ni jambo la kila asubuhi. Msichana aliyeandikishwa, anayefika saa tatu badala ya saa mbili mara mbili kwa juma, atahesabiwa na wizara kuwa yuko shuleni sawa na yule asiyekosa dakika. Wazazi wenye uwezo wanalijua hili bila kusoma utafiti wowote. Wanapowapeleka binti zao bweni husema wanatafuta nidhamu na matokeo mazuri. Wananunua pia saa za jioni ambazo hakuna atakayezidai kwa ajili ya mtungi.

Kisha kuna wanaouliza: nani kasema saa zilizookolewa zitaingia kwenye vitabu? Huko Tangier, Moroko, Esther Duflo na wenzake walipofuatilia familia zilizounganishiwa bomba, walikuta muda uliopatikana uliingia kwenye mapumziko na kutembeleana, wala haukuongeza kipato. Nakubali kabisa, na sioni aibu ndani yake. Familia zile zilikuwa mjini, tayari zikichota bure kwenye bomba la mtaa. Na hata kama mama wa Subukia atatumia saa yake mpya kukaa chini na kunywa chai, mama aliyepo nyumbani asubuhi ndiye anayemfungua binti yake kutoka kwenye jiko. Pumziko la mama na kengele ya shule havigombani.

Siasa, kwa upande wake, imependa sodo kuliko mabomba. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana sodo bila malipo, na kila msimu utaona viongozi wakipigwa picha na katoni. Siidharau hatua hiyo. Lakini jaribio la Emily Oster na Rebecca Thornton nchini Nepal, waliowapa wasichana vikombe vya hedhi, halikubadili mahudhurio, na sababu mojawapo ya kuwa na tahadhari ni kwamba sodo haina maana sana mahali ambapo choo hakina mlango na mfereji hauna tone. Viwango vya Kenya vinataka choo kimoja kwa wasichana 25. Tangu 2023 wasichana wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wamebaki katika viwanja vya shule za msingi, ambavyo vyoo vyake vilijengwa kwa hesabu ya watoto wadogo. Na shule isiyo na maji hufanya nini? Huwaambia watoto waje nayo. Kidumu cha lita tano, Jumanne na Ijumaa, cha kupigia deki na kupikia chakula cha mchana. Kidumu hicho kilichotwa jana jioni kutoka kwenye ile ile mitungi sita. Shule imejiunga na foleni ya nyumbani, kimyakimya, na haihesabiwi popote.

Wapo wanaotuambia tusubiri mabwawa makubwa. Bwawa la Itare huko Kuresoi lilizinduliwa 2017, likitarajiwa kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 30 na kumaliza kiu ya Nakuru. Mwaka uliofuata kazi ilisimama, kampuni ya Italia ya CMC di Ravenna ikiwa imeingia katika matatizo ya kifedha. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo wa uzinduzi alimaliza Gredi ya 9 mwaka 2025, bwawa likiwa halijakamilika. Sipingi mabwawa. Nasema tu kwamba utoto una muda wake, na pesa kidogo za kuhakikisha pampu iliyopo inarekebishwa ndani ya siku tatu zingemfikia mtoto huyo akiwa bado darasani.

Kinachokwamisha hilo ni mgawanyo wa kazi kuliko ukosefu wa sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne likaziweka huduma za maji mikononi mwa kaunti, na shule za msingi na sekondari mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mhandisi anayepanga mgao wa kijiji hana sababu ya kikazi ya kujua kengele hulia saa ngapi, kwa hiyo maji yakifunguliwa saa nne asubuhi badala ya saa kumi jioni au Jumamosi, hajakosea chochote. Mwalimu wa darasa anajua vizuri ni nani huchelewa siku za mgao, ila rejista yake inauliza swali moja tu: yupo au hayupo. Kuongeza alama ya tatu, ya aliyechelewa au kukosa kwa sababu ya maji, hakuhitaji mkopo wa mabilioni. Kunahitaji kalamu, na afisi ya maji ya kaunti iliyo tayari kuipokea karatasi hiyo kila mwisho wa mwezi na kuisoma sambamba na kumbukumbu ya saa ambazo pampu zilizimwa.